Karatasi Chini ya Shingo

Skrubu iliyoliwa na chumvi haitoki kwa nguvu. Hilo nililijua kabla sijajua mengine yenye maana zaidi, kwa sababu nilikuwa fundi wa matengenezo katika hoteli moja upande wa Shelly Beach, na hewa ya pale haikuacha chuma kistarehe. Bawaba, pampu za maji, miguu ya vitanda, vyote vilikuwa vikiliwa polepole, nami nilivifuata na bisibisi na chupa ya mafuta ya taa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa kijana mwenye mke, mtoto mchanga na ulimi mkali, na nilijiona bingwa. Mtu akiniambia kitu fulani hakifunguki, nilichukulia kwamba amenitukana.

Hoteli ilikuwa na bendi iliyowapigia wageni jioni. Mpiga gitaa la solo alikuwa mtu wa Likoni hasa, Mwislamu wa ukoo uliolima pale kabla hoteli hazijajengwa. Mchana alikuwa mshonaji. Alikuwa na kibanda chake na cherehani ya kukanyaga, si mbali na soko, akishona kanzu, sare za shule na magauni ya harusi. Alikuwa na majivuno kupita kiasi. Shati lake lilipigwa pasi hadi kola ikasimama, ndevu alizitia hina, na akikosea mahali katika wimbo aligeuka kumkazia macho mpiga ngoma. Mimi nilimpenda mno. Miaka miwili alinifundisha gitaa pale kibandani, kati ya mteja mmoja na mwingine, bila kunidai hata kikombe cha chai. "Kidole hicho ni cha kupigia gitaa au cha kukunia nazi?" alikuwa akiniuliza mbele ya wateja, na wateja wakicheka. Nilimwita mwalimu.

Kisha vidole vyake vikaanza kukaza. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, halafu ikawa siku nzima. Sindano aliweza kuishika bado, lakini nyuzi za gitaa zilimshinda. Aliacha bendi, na gitaa lake la umeme likawekwa stoo ya hoteli pamoja na madebe ya dawa ya bwawa la kuogelea. Lilikaa humo zaidi ya mwaka, ile dawa na ile chumvi zikisaidiana kulitafuna.

"Lichukue," aliniambia siku moja, akataja bei ya kutupa. "Nishawambia wale wa bendi kuwa wewe ndiwe utakayekaa pahali pangu. Lisafishe. Tia nyuzi mpya, tia waya mpya, fanya utakavyo. Ila shingo usiifungue."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Angeweza kunieleza kwa maneno kumi. Lakini yeye alikuwa mtu asiyependa kuulizwa, na mimi nilikuwa mtu asiyependa kukatazwa, tukaachana hivyo.

Nilikuwa nimepanga chumba pale pale Likoni, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja. Sisi ni Wakristo, watu wa ndani huko Rabai. Binti yetu alikuwa na miezi minane, na wiki ile alikuwa na homa na kuhara. Zahanati walimpa dawa ya maji ya kunywa siku saba. Mama mkwe akaja kutoka nyumbani kumsaidia mke wangu, na asiyejua desturi zetu hataelewa uzito wa ugeni huo. Katika ukoo wetu mtu na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja wala hawali sahani moja, na mama mkwe akisema neno, mkwe habishi. Unatazama chini, unaitikia. Nilikuwa nikibishana na mameneja wa hoteli hadi wakatoka jasho, lakini mbele ya yule mama nilikuwa bubu.

Homa ile ilianza siku mbili kabla gitaa halijaingia nyumbani. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye, katika kusimuliwa, siku zilipangwa upya, nami sikuzirekebisha.

Jumamosi mchana sikuwa kazini. Nilitandika gunia uani nikaanza. Bamba la plastiki la mbele lilikuwa na skrubu kumi na moja, zote zimevaa kutu. Kabla ya kulegeza unakaza kidogo. Kutu huachia upande usioutegemea. Unatia tone la mafuta ya taa, unangoja. Unagonga kichwa kwa nyundo ndogo, unangoja tena. Tisa zilitoka kwa adabu. Ya kumi ilikuwa imelika kichwa, bisibisi inazunguka bure, kwa hiyo nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakiweka kati ya bisibisi na skrubu, nikaegemea kwa uzito wangu wote mpaka ikakubali. Ya mwisho niliipasha kwa chuma cha kulehemu, ikatoa moshi kidogo, kisha ikatoka ikilia. Sumaku zinazochukua sauti nilizisugua kwa mswaki. Waya wa ndani ulikuwa umeoza, nikalehemu mwingine.

Kufika saa nane nilikuwa nimemaliza yote niliyoruhusiwa. Nikaligeuza gitaa, nikaliona lile bamba la chuma la nyuma lenye skrubu nne zinazoshika shingo. Zilikuwa mbaya kuliko zote, na mfukoni nilikuwa na nne mpya zisizoshika kutu, nilizoziomba stoo. Nikawaza: mzee anaogopa nitamvunjia gitaa. Mimi? Mimi niliyefungua pampu zilizowashinda mafundi wa mjini? Hasira ya kijinga ikanipanda, nikachukua bisibisi.

Tatu zilisalimu amri upesi. Ya nne haikuwa na kichwa tena, ilikuwa donge la kutu. Nilichonga mfereji mpya juu yake kwa msumeno wa chuma, nikapasha, nikatia mafuta, nikangoja, nikakaza kidogo, nikalegeza. Ilipogeuka nilipiga kelele ya furaha. Shingo ikaachana na kiwiliwili, na kutoka ndani ya lile shimo ikaanguka karatasi.

Ilikuwa imekunjwa mara kadhaa, imebanwa mpaka ikawa ngumu, haizidi ukubwa wa kidole gumba. Ilinuka mafuta ya cherehani. Niliikunjua. Ndani mlikuwa na maandishi ya Kiarabu kwa penseli, mistari mitano au sita, yamefifia.

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ua, mtoto mapajani. Aliiona pamoja nami.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Ndani ya gitaa, mama."

"Na gitaa ni la nani?"

Alijua ni la nani. Alitaka niseme mimi, nikasema.

"Alikwambia nini alipokupa?"

Nikamjibu kwamba alinikataza kufungua shingo. Mama mkwe hakupiga kelele. Alimfunika mtoto uso kwa leso yake, akasema, "Basi."

Mtu yeyote wa Likoni aliyepita chuoni kusoma Kurani angeweza kuisoma karatasi ile. Chumba cha tatu kutoka chetu alikaa mwalimu wa madrasa, mtu mpole, aliyekuwa akimchekesha binti yetu kila alipopita. Sikwenda kwake. Kwetu sisi karatasi iliyokunjwa, yenye herufi zile, iliyofichwa mahali palipokatazwa, haikuwa na maelezo mengine. Ulikuwa uganga, na mtoto alikuwa anaungua kwa homa. Sitajificha nyuma ya mkwe wangu: niliogopa. Aliponiamuru niishike kwa koleo niitie katika makaa ya jiko, niliitia, na nilipoiona inashika moto nikamshukuru Mungu.

Jumatatu homa ikashuka. Chupa ya zahanati ilikuwa imebaki kijiko kimoja, lakini hakuna aliyeitazama chupa.

Mama mkwe alikwenda bombani kuchota maji, na bombani watu huzungumza. Hakusema kwa chuki. Alisema kwa kuwaonya wenzake wenye watoto. Maneno yakaota miguu. Mshonaji ana vipimo vyako, wakaambizana, ana mabaki ya nguo yako, anajua kiuno chako na mabega ya mwanao. Akitaka kukufanyia jambo, atafute nini tena? Kabla wiki haijaisha wanawake walikuwa wakipita kibandani kudai vitambaa vyao. Vingine havijakatwa, vingine vimekuwa nusu gauni. Wapo waliodai hata vipande vilivyoanguka chini ya cherehani.

Jumapili iliyofuata nilikuwa zamu karakana ya hoteli, na gitaa nilikuwa nimelihamishia huko, kwa kuwa nyumbani hawakutaka kuliona. Nilifunga shingo kwa skrubu zangu mpya zinazong'aa. Nikatia nyuzi, nikazikaza. Zikasimama juu mno. Kuzibonyeza ilikuwa kazi ya kukamua blanketi, na kila sauti ilitoka imepanda kidogo. Nikavishusha vile vidaraja vinavyobeba nyuzi mpaka vikagusa mbao, lakini bado.

Ndipo nikaitazama shingo ile kwa jicho la fundi, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imelala vibaya. Kitako chake kilihitaji kuinuliwa kidogo tu ndani ya shimo, ili shingo iegemee nyuma na nyuzi ziikaribie. Hii ilikuwa kazi yangu ya kila wiki: mota ikikaa upande, unasukuma kipande chembamba cha bati chini ya mguu mmoja. Nikachana pakiti ya sigara. Nikaikunja mara moja, haikutosha. Nikaikunja tena, na tena, nikaipachika mwisho wa shimo, nikafunga. Nyuzi zikashuka mahali pake, na gitaa likatoa sauti ile ile niliyokuwa nikiisikia mikononi mwa mwalimu.

Nilielewa pale pale, hakuna aliyenieleza. Kipande changu kilikuwa na ukubwa ule ule, kimekunjwa vile vile, kimekaa pale pale. Mzee alihitaji kitu cha kuinulia shingo, akachukua karatasi iliyokuwa karibu, akahangaika nayo mpaka ikakaa sawa, na kwa hiyo hakutaka mtu mwingine atie mkono. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Nilipaswa kuinuka wakati ule ule niende bombani, niende sokoni, niwaambie watu. Lakini ningesema nini? Kwamba mama mkwe wangu amemsingizia mtu? Kwamba mimi, fundi, nimechoma kipande cha kuinulia mbao na kumshukuru Mungu? Nikajiambia nitangoja mama arudi kwao. Alirudi baada ya wiki mbili. Nikajiambia sasa maneno yatapoa yenyewe. Mke wangu nilimwambia, akasema, "Mtoto amepona. Usiyafukue." Nami nikaona nimepewa ruhusa.

Mwalimu alikuja karakana alasiri moja. Alisimama mlangoni, shati limepigwa pasi kama kawaida, hakutaka kuingia. Gitaa lilikuwa juu ya meza baina yetu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wajua watu wasemayo?"

"Najua."

"Ulifungua shingo."

"Nilifungua."

"Uliona nini?"

"Karatasi, mwalimu. Ya Kiarabu."

"Na Kiarabu wakijua?"

"Sijui."

"Basi nenda kawambie hivyo tu. Kwamba uliona karatasi na husomi. Mimi sitaki unitetee, wallahi. Sema kweli yako tu yanitosha."

"Nitasema," nikamjibu.

Aliinua mkono, nadhani alitaka kuligusa gitaa, kisha akaushusha akaenda zake. Pakiti yangu ya sigara ilikuwa humo chini ya shingo, ushahidi mtupu, na bisibisi ilikuwa karibu na mkono wangu. Ningelifungua mbele yake ningemwonyesha kwamba nimeelewa. Sikulifungua. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni dogo na la aibu: angeniita mjinga, na ningekuwa mjinga kweli.

Sikusema. Mawe yakaanza kuanguka juu ya bati la kibanda chake, mchana kweupe, na hakuna aliyeona ni nani anayetupa. Mkuu wa shule akapeleka sare kwa mshonaji mwingine. Miezi michache baadaye cherehani ikabebwa kwa mkokoteni hadi feri, naye akahamia Kisauni kwa bintiye. Mimi niliketi mahali pake katika bendi misimu mitatu. Wageni walipiga makofi. Nilikuwa napiga vizuri, nami nililichukia kila wimbo.

Baadaye hoteli ikapunguza wafanyakazi, nikapata kazi ya kiwandani Changamwe, tukahamia Magongo. Gitaa nililiuza. Nilidhani Likoni imekwisha.

Binti yetu alikuwa karibu miaka tisa nilipomsikia akisimulia wenzake uani, malori yakinguruma barabarani. "Mimi nikiwa mchanga nilirogwa na mshonaji wa Likoni," aliwaambia, kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha kovu. "Nilikuwa nife. Baba ndiye aliyeikuta dawa akaichoma." Wenzake wakanitazama kwa heshima. Kumbe bibi yake alikuwa amemrithisha hadithi nzima, na mimi nikiwa shujaa wake. Niliona aibu mbele ya mwanangu mwenyewe, aibu iliyonichoma hata nikashindwa kula mchana ule. Yule mzee angeendelea kuwa mchawi midomoni mwa watoto ambao hata hawakumjua.

Jumamosi ile ile nikaenda Kisauni. Nilimkuta kwa bintiye, ameketi ukumbini. Ndevu zilikuwa nyeupe, hina ameiacha. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Vidole vilikuwa vimejikunja mapajani, haviwezi tena hata sindano. Waliniletea chai na mahamri. Nikamweleza kila kitu, na pakiti ya sigara, na siku ile karakana.

"Karatasi iliandikwa nini, mwalimu?" nikamuuliza mwisho.

"Vipimo vya kanzu. Mabega, mkono, urefu." Akacheka bila furaha. "Na si Kiarabu, mwanangu. Ni Kiswahili. Sisi wazee twaandika Kiswahili chetu kwa herufi za chuoni. Hata mkeo angeelewa, angesomewa."

"Nisamehe."

"Mimi waniambia ya nini? Mimi nayajua haya tangu siku ile. Nikiyasema mimi, nani ataniamini?" Sauti yake ilikuwa na ukali ule wa zamani, nikafurahi kuusikia. "Nyumba ya baba yangu iko Likoni. Nataka kurudi kwetu, nikae kibarazani pangu, watu wanipe mkono. Basi. Nenda kawambie wao, maana wewe ndiwe uliyeikuta."

Safari hii nilikwenda. Nilivuka feri alasiri ile ile, nikaenda moja kwa moja hadi mahali kilipokuwa kibanda chake, ambapo wanaume wa mtaa bado waliketi wakinywa kahawa. Kadhaa walinikumbuka, wakanisogezea nafasi, nikapewa kikombe. Nikawasimulia yote bila kujihurumia. Nilitumia kijiti na kipande cha karatasi kuwaonyesha shingo inavyoinuliwa. Nikawaambia mtoto alipona kwa dawa ya zahanati, na mimi nilijua ukweli baada ya wiki moja nikanyamaza miaka yote hiyo kwa woga.

Nilipomaliza, mzee mmoja aliyewahi kushonewa kanzu na mwalimu akaniuliza kwa upole.

"Karatasi yenyewe iko wapi?"

"Niliichoma."

"Na haya ya vipimo vya kanzu, nani alokwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Ah. Kumbe ulikwenda kwake."

"Nimetoka kwake leo."

"Ukala?"

"Nilikunywa chai," nikasema.

Wakatazamana. "Maskini," mmoja akamwambia jirani yake, kana kwamba mimi sipo. "Mshonaji amemlisha kitu, ameshamshika. Amemtuma."

Nikasimama. Nikaapa kwa Mungu, nikapaza sauti, nikawaita wajinga, na kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyozidi kunitazama kwa huruma, kama mgonjwa. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakaniaga kwa adabu, hakuna aliyenipa mkono. Muuza kahawa akakusanya vikombe akavitia katika ndoo yake kuvisuuza. Changu hakukigusa, alikiacha pale pale nilipokiweka.